Mwongozo Kamili wa Kupima Hewa Ukaa ya Kampuni ya Nyumba za Mtandaoni na Kuiwekea Malengo

Kampuni inayotangaza nyumba, viwanja na vyumba vya kupangisha kwenye tovuti haina bomba la moshi, haina tanuri, wala haina malori barabarani, na kwa sababu hiyo wengi wanaoiendesha huamini kuwa suala la hewa ukaa linawahusu wenye viwanda vya saruji na mashirika ya ndege. Kisha siku moja mwekezaji, au benki inayofikiria kuikopesha, hutuma dodoso lenye swali la mstari mmoja: mwaka jana mlizalisha tani ngapi, na lengo lenu la 2030 ni lipi? Nimeona majibu yanayoandikwa jioni hiyo hiyo kwa kukisia, na nimeona pia taabu inayofuata mwaka wa pili, pale tarakimu mpya zinapokataa kulingana na zile za kukisia.

Mwongozo huu ni kwa ajili ya mtu aliyekabidhiwa kazi hiyo Dar es Salaam, Nairobi au mji mwingine wa Afrika Mashariki, ambaye pengine ni mhasibu au meneja wa ofisi na hajawahi kuifanya. Tangu mwanzo aelewe kwamba kilicho ofisini ndicho kinachopimika vizuri, lakini kwa kampuni ya mtandaoni sehemu kubwa ya hewa ukaa huwa iko kwa watu inaowalipa, yaani wenye seva, wenye matangazo na watengenezaji wa kompyuta. Lengo linaloishia mlangoni mwa ofisi linaacha nje sehemu iliyo kubwa zaidi.

Hatua ya kwanza: amua mpaka wa hesabu

Kanuni zinazotumika karibu kote duniani ni zile za GHG Protocol, zilizotayarishwa na World Resources Institute pamoja na World Business Council for Sustainable Development. Kitabu chake cha makampuni kilitoka mwaka 2001 na kurekebishwa mwaka 2004. Kanuni hizo hugawa uzalishaji wa gesijoto, yaani hewa ukaa na gesi nyingine zinazopasha dunia joto, katika mafungu matatu. Wigo wa kwanza ni gesi inayotoka moja kwa moja kwenye vitu unavyovimiliki au kuvisimamia: jenereta, magari ya kampuni, gesi ya viyoyozi inayovuja. Wigo wa pili ni umeme ulioununua. Wigo wa tatu ni mengine yote yanayotokea kwa wengine kwa sababu ya biashara yako, na umegawanywa katika makundi 15 yaliyofafanuliwa kwenye kitabu cha mwaka 2011.

Ukichagua kupima kwa kigezo cha usimamizi wa shughuli, ambacho ndicho rahisi kwa kampuni ya ukubwa huu, ofisi mnayoikodi inaingia kwenye hesabu yenu hata kama jengo si lenu, kwa kuwa nyinyi ndio mnaowasha na kuzima. Nyumba mnazozitangaza haziingii. Hili huleta ubishi kwenye vikao, kwani wapo wanaodhani kuziacha nje ni kukwepa, na wapo wanaotaka kuziingiza ili kampuni ionekane inashughulika na jambo kubwa. Kanuni iko wazi: nyumba usiyoimiliki, usiyoisimamia na usiyoiuza wewe mwenyewe si yako kuihesabu, ingawa unaweza kuwa na ushawishi juu yake, na ushawishi huo una hatua yake mwishoni mwa mwongozo huu.

Mambo hubadilika kampuni inapoanza kununua nyumba. Zillow ya Marekani, iliyojulikana kwa tovuti ya matangazo, mwaka 2018 ilianzisha mpango wa Zillow Offers wa kununua nyumba, kuzikarabati na kuziuza tena, na Novemba 2021 ikatangaza kuufunga. Kampuni yoyote inayofanya hivyo inapaswa kuingiza rangi, mbao, saruji na kazi za mafundi kwenye wigo wa tatu, na nyumba inapouzwa, nishati itakayotumika ndani yake kwa miaka yote ya uhai wake huhesabiwa kama matumizi ya bidhaa iliyouzwa. Hesabu yaweza kuruka mara nyingi kwa mwaka mmoja. Shughuli hiyo inapofungwa hesabu hushuka, na kwa kuwa kufunga kitengo chako mwenyewe hakukulazimishi kurekebisha mwaka wa msingi, mshuko huo utaonekana kwenye grafu kama mafanikio. Uaminifu unadai uandike pembeni kwamba umetokana na kufunga biashara, si na juhudi za kupunguza.

Andika mpaka wako kwenye ukurasa mmoja: ofisi zipi, magari yapi, kampuni tanzu zipi, kipindi kipi. Ukurasa huo utakuokoa siku utakapoondoka kazini na mwingine kushika nafasi yako.

Hatua ya pili: chagua mwaka wa msingi

Chagua mwaka ambao una risiti zake na ambao biashara ilikwenda kwa kawaida. Mwaka 2020 na 2021 haifai kwa ofisi nyingi, kwa kuwa watu walikuwa nyumbani na safari zilisimama, hivyo kila mwaka utakaofuata utaonekana kama kuharibika. Weka pia kizingiti cha marekebisho, ambacho wengi hukiweka kwenye asilimia 5: kampuni ikinunua kampuni nyingine, ikiuza kitengo au ikigundua kosa linalobadilisha jumla kwa kiasi hicho, mwaka wa msingi unahesabiwa upya.

Hatua ya tatu: kusanya takwimu za ofisi

Anza na jenereta. Unachokitafuta ni lita zilizochomwa mwaka mzima, si shilingi zilizolipwa. Katika ofisi moja niliyoifanyia hesabu, idara ya fedha ilinipa jumla ya dizeli iliyonunuliwa, lakini mlinzi wa zamu ya usiku alikuwa na daftari la mistari lililokunjika pembe, ambamo aliandika kila umeme ulipokatika: tarehe, saa ya kuwasha, saa ya kuzima, na kimo cha mafuta alichokipima kwa fimbo ya mbao iliyochorwa alama za kalamu. Daftari na hesabu ya fedha vilitofautiana kwa zaidi ya lita 300, kwa sababu baadhi ya mafuta yalikuwa yanaingia kwenye gari la kampuni bila kuandikwa. Yote mawili ni wigo wa kwanza, kwa hiyo jumla haikubadilika, lakini bila daftari lile tungeona jenereta inakula kupita kiasi na kulaumu mashine.

Kama risiti ina shilingi tu bila lita, usikisie bei. Nchini Tanzania EWURA, mdhibiti wa nishati na maji, hutangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na nchini Kenya EPRA, mdhibiti wa nishati wa huko, hutangaza zake tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hiyo unaweza kugawa kiasi kilicholipwa kwa bei ya mwezi ule katika mji ule. Lita moja ya dizeli ikiungua hutoa takriban kilo 2.7 za hewa ukaa, na ya petroli kilo 2.3 hivi.

Umeme una mtego wake. Ofisi yenye LUKU, yaani mita ya Tanzania ya kulipia umeme kabla ya kuutumia, ina risiti zinazoonyesha uniti, na uniti moja ni kilowati-saa moja, kipimo kile kile unachokihitaji. Kosa la kawaida ni kuchukua fedha iliyolipwa na kuigawa kwa bei ya uniti. Ndani ya fedha hiyo mna kodi ya ongezeko la thamani, tozo ya EWURA na ya Wakala wa Nishati Vijijini, na tangu mwaka 2021 kodi ya majengo pia hukatwa humo humo. Jumlisha uniti zilizoandikwa kwenye risiti na uache shilingi zilivyo. Kumbuka vilevile kwamba uniti zilizonunuliwa Desemba huenda zikatumika Januari, kwa hiyo piga picha ya mita mwanzoni na mwishoni mwa mwaka.

Mkiwa kwenye jengo la wapangaji wengi na umeme umo ndani ya gharama za huduma, mwombe msimamizi wa jengo jumla ya uniti za jengo zima na ukubwa wa eneo lililopangishwa, kisha uchukue sehemu yenu kwa mita za mraba. Si kipimo kamili, kwa kuwa ghorofa yenye benki hutumia umeme tofauti na yenye studio ya picha, lakini kinakubalika mradi uandike ulivyokipata.

Uniti hizo huzidishwa kwa kipeo cha gridi, yaani kilo za hewa ukaa kwa kila uniti inayozalishwa nchini. Hapa nchi zetu zinatofautiana mno. Kenya hupata sehemu kubwa ya umeme wake kwenye jotoardhi ya Olkaria, maji na upepo wa Turkana, hivyo kipeo chake ni kidogo. Tanzania kwa miaka mingi ilitegemea gesi asilia ya Songo Songo na Mnazi Bay pamoja na mabwawa, hadi bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115, lilipoanza kuingiza umeme kwenye gridi mwaka 2024. Maana yake ni kwamba kipeo kilichochapishwa kabla ya hapo kinaieleza gridi iliyokwisha kubadilika, na ukikitumia hadi leo utajihesabia kupita kiasi. Andika kipeo, mwaka wake na aliyekitoa, na ukibadilishe pale kipya kinapotoka.

Kisha kiyoyozi, ambacho karibu kila mtu hukisahau. Fundi huja, hupanda ngazi, huunganisha mipira yake miwili, hujaza gesi na kuondoka akiacha risiti iliyoandikwa "service na gesi". Hakuna kilo. Wakati huo huo gesi iliyokuwamo mwanzo imekwisha kuvuja angani, na uzito wake ndio unaohesabika. Gesi ya R-410A, iliyomo kwenye viyoyozi vingi vya ofisini, ina nguvu ya kupasha joto inayozidi mara 2,200 ya hewa ukaa kwa vipimo vya mwaka 2021 vya IPCC, jopo la wanasayansi wa tabianchi la Umoja wa Mataifa, kwa kuwa ni mchanganyiko wa nusu kwa nusu wa R-32, yenye nguvu ya 771, na R-125, yenye nguvu ya 3,740. Kilo 3 zilizovuja ni karibu tani 6.8 za hewa ukaa, sawa na kuchoma lita 2,500 za dizeli. Mwambie fundi apime mtungi kwa mizani kabla na baada ya kujaza, na aandike kilo na aina ya gesi kwenye risiti. Viyoyozi vya zamani vyenye R-22 huripotiwa kando, kwa sababu gesi hiyo iko chini ya Itifaki ya Montreal, mkataba wa kulinda tabaka la ozoni.

Tufanye hesabu ya mfano. Chukulia ofisi ya watu 40 iliyochoma lita 2,400 za dizeli, ikatumia uniti 48,000 na kuvujisha kilo 3 za R-410A, na kwa ajili ya mfano tu tuchukue kipeo cha gridi cha kilo 0.4. Dizeli ni tani 6.48, kiyoyozi tani 6.77, umeme tani 19.2. Jumla ni tani 32.45. Tutairudia tarakimu hii.

Hatua ya nne: ingia wigo wa tatu

Huna haja ya kupima makundi yote 15 kwa undani. Pitia yote, andika sababu ya kuacha yale yasiyokuhusu, kisha elekeza nguvu kwenye machache. Kwa kampuni ya nyumba za mtandaoni, kundi la kwanza, la bidhaa na huduma zilizonunuliwa, huwa ndilo kubwa, na humo mna seva na matangazo.

Muulize mkuu wa programu swali moja: seva zetu ziko nchi gani? Nimewahi kuuliza hivyo kikaoni na hakuna aliyejua isipokuwa kijana aliyefungua akaunti siku ya kwanza. Swali hili si dogo. Amazon ilifungua kituo chake Cape Town mwaka 2020, na Microsoft na Google nazo zina vituo Johannesburg, hivyo kampuni nyingi za kwetu zimevichagua kwa ukaribu. Lakini umeme wa Afrika Kusini kwa sehemu kubwa hutokana na makaa ya mawe. Kazi ile ile ya kuhifadhi picha za sebule na vyumba vya kulala ikifanyika Stockholm, ambako gridi hutegemea zaidi maji na nyuklia, hutoa hewa ukaa kidogo mno ikilinganishwa.

Wauzaji hao wote watatu wana zana za kumwonyesha mteja hewa ukaa ya akaunti yake. Kabla ya kunakili tarakimu, angalia imehesabiwa kwa njia ipi. Njia ya mahali hutumia gridi halisi ya eneo kituo kilipo. Njia ya soko huhesabu mikataba na vyeti vya umeme safi ambavyo muuzaji amenunua, hata kama upepo wenyewe unavuma kwingine. Njia ya soko yaweza kukuonyesha karibu sifuri katikati ya gridi ya makaa ya mawe. Omba zote mbili, uziripoti zote mbili, na maamuzi ya kuhamisha seva uyafanye kwa kutazama njia ya mahali.

Kuhusu matangazo ya redio, mabango ya barabarani na matangazo ya mtandaoni, mara nyingi utalazimika kutumia kipeo cha fedha, yaani kilo kwa kila dola iliyotumika. Ni kipimo dhaifu. Shilingi ikishuka thamani au bei zikipanda, hewa ukaa yako itabadilika kwenye karatasi bila chochote kubadilika duniani. Ukikitumia, badilisha shilingi kuwa fedha ya mwaka ambao kipeo kilitengenezwa, ondoa kodi, na weka alama kwenye jedwali kwamba ni makadirio. Kila mwaka jitahidi kumwondoa msambazaji mmoja mkubwa kwenye makadirio kwa kumwomba tarakimu zake halisi.

Kompyuta za mkononi ni rahisi zaidi. Watengenezaji wakubwa huchapisha hewa ukaa ya kila modeli, ambayo mara nyingi huwa kati ya kilo 200 na 350, na sehemu kubwa hutokea kiwandani kabla hujaiwasha. Kwa gridi safi kama ya Kenya uwiano huo huelemea kiwanda zaidi, na kwa hiyo kukaa na kompyuta miaka mitano badala ya mitatu kuna faida kuliko kununua mpya inayookoa umeme.

Kwa safari za kikazi, mwombe wakala wa tiketi orodha ya safari na daraja la kiti, kisha tumia vipeo vinavyochapishwa kila mwaka na serikali ya Uingereza, ambavyo ni vya bure na hutumiwa na watu wa nchi nyingi. Kwa safari za wafanyakazi kwenda na kurudi kazini, tuma dodoso fupi: unakaa wapi, unakuja kwa nini, siku ngapi kwa wiki? Tenganisha mwendokasi, daladala, bodaboda na gari binafsi, kwa kuwa mtu mmoja peke yake ndani ya gari kutoka Mbezi hadi Posta hutoa hewa ukaa nyingi kuliko aliyepanda basi lililojaa. Wanaofanyia kazi nyumbani nao huhesabiwa, ila usinakili vipeo vya Ulaya bila kufikiri: huko sehemu kubwa ni ya kupasha nyumba joto wakati wa baridi, nasi Dar es Salaam tuna feni na kiyoyozi.

Madalali wanaowapeleka wateja kuona nyumba huhitaji uamuzi. Kama mnawalipa kwa huduma, usafiri wao umo kwenye kundi la kwanza. Kama wanajitegemea na wanachukua malipo yao ya kuonyesha kwa mteja, hawamo kwenye wajibu wenu. Mimi ningewapima kwa vyovyote, nje ya jumla kuu, kwa sababu ambayo hatua ya sita itaionyesha.

Hatua ya tano: weka lengo

Hapa ndipo maneno hupita vitendo. "Tutakuwa kampuni ya kijani" si lengo. Lengo lina mwaka wa msingi, mwaka wa mwisho, asilimia, na mafungu yanayoguswa.

Kigezo kinachotambulika zaidi ni cha SBTi, mpango wa kuhakiki malengo ya makampuni kwa msingi wa sayansi, ulioanzishwa mwaka 2015 na CDP, UN Global Compact, World Resources Institute na WWF. Kwa wigo wa kwanza na wa pili, njia ya kubaki ndani ya nyuzi 1.5 za ongezeko la joto duniani hudai kupunguza asilimia 4.2 ya kiasi cha mwaka wa msingi kila mwaka, jambo linalofika asilimia 42 ukihesabu kutoka 2020 hadi 2030. Aliyechelewa hapewi punguzo: kampuni ndogo iliyochukua 2022 au 2023 kama mwaka wa msingi bado hudaiwa asilimia 42 kufikia 2030. Kampuni ndogo zina njia yao rahisi, ambayo haidai lengo la tarakimu kwenye wigo wa tatu lakini huzitaka ziahidi kuupima na kuupunguza. Kwa kampuni kubwa, wigo wa tatu ukifika asilimia 40 ya jumla au zaidi, lengo lake ni lazima, nalo liguse angalau theluthi mbili ya wigo huo. Lengo la muda mrefu, lililowekwa kwenye kanuni za Oktoba 2021, ni kupunguza kwa asilimia 90 au zaidi kufikia 2050 au kabla, na kinachosalia ndicho huondolewa angani kwa njia za kudumu. Kanuni hizi hufanyiwa marekebisho, kwa hiyo soma toleo linalotumika siku unapotuma maombi.

Usiige namna serikali zinavyoweka ahadi zao. Kenya mwaka 2020 iliahidi kupunguza asilimia 32 kufikia 2030, na Tanzania mwaka 2021 kati ya asilimia 30 na 35, lakini zote mbili hulinganisha na kiasi ambacho kingezalishwa siku zijazo bila hatua yoyote. Kwa nchi inayohitaji kujenga barabara na shule hilo lina haki yake. Kampuni ikifanya hivyo itajichorea mlima wa kufikirika kisha ijisifu kwa kutoupanda.

Jihadhari pia na lengo la kwa kila tangazo. Matangazo yakiongezeka mara tatu na hewa ukaa mara mbili, kilo kwa kila tangazo zitashuka huku anga ikipokea zaidi. Kipimo hicho kinafaa kwa uendeshaji wa ndani. Lengo la hadharani liwe la jumla.

Turudi kwenye tani zetu 32.45. Asilimia 42 ni tani 13.63, kwa hiyo lengo la 2030 ni tani 18.82. Ukiziba uvujaji wa viyoyozi umeondoa tani 6.77. Ukibadilisha jenereta kwa umeme wa jua wa paani na betri, unaondoa tani 6.48 nyingine. Jumla ni 13.25, na zimebaki tani 0.38 tu, ambazo ni uniti 950 kwa mwaka, sawa na kuzima taa na viyoyozi vya vyumba vya mikutano visivyo na watu. Ndiyo maana nasisitiza kupima kilo za gesi na lita za dizeli: bila tarakimu hizo mbili, kampuni hii ingetumia bajeti yake yote kwenye balbu.

Gridi ikisafishika kwa sababu ya Rufiji, wigo wa pili utashuka wenyewe. Uonyeshe mshuko huo kwenye mstari wake, mbali na ule ulioupata kwa fedha na jasho la kampuni.

Hatua ya sita: punguza palipo pakubwa

Tovuti ya nyumba ni tovuti ya picha. Tangazo moja laweza kuwa na picha 25 zilizopigwa kwa simu, kila moja megabaiti 4 au 5, na dalali huzipakia zilivyo. Zikipunguzwa ukubwa na kubadilishwa kuwa WebP, muundo mwepesi wa picha za tovuti, wakati wa kupakiwa, huku picha za chini zikisubiri mtumiaji ateremke kabla ya kufunguka, data inayosafiri hupungua sana, na mpangaji anayetafuta chumba kwa kifurushi cha kuhesabu hupata ahueni ya papo hapo. Kama mnafikiria kuhamisha seva nje ya nchi, pitieni kwanza sheria za ulinzi wa taarifa binafsi, ya Kenya ya mwaka 2019 na ya Tanzania ya mwaka 2022, kwa kuwa akaunti za watumiaji zinaguswa hata kama picha za nyumba haziguswi.

Jambo linaloniuma zaidi ni tangazo lililopitwa na wakati. Mtu yuko Tegeta, anaona nyumba ya vyumba viwili Kigamboni, anampigia dalali, anachukua bodaboda, anavuka, analipa fedha ya kuonyeshwa, na anapofika anaambiwa ile ilichukuliwa wiki iliyopita ila kuna nyingine. Petroli imeungua, siku imepotea, na aliyepoteza ni yule asiye na cha kupoteza. Weka utaratibu wa kumtumia mwenye tangazo ujumbe kila baada ya siku 14 akithibitisha kwamba nyumba bado ipo, na asipojibu tangazo lishuke lenyewe. Pima safari zilizookolewa kwa kuwauliza wateja wachache. Tani hizo hazipunguzwi kwenye jumla yenu, kwa kuwa hazikuwamo, lakini zina haki ya kuandikwa kwenye ripoti chini ya kichwa chake.

Hatua ya saba: hati za kaboni na kutangaza matokeo

Hati za kaboni, yaani vyeti vinavyouzwa na miradi inayopunguza au kunyonya hewa ukaa, hazihesabiwi katika kufikia lengo la SBTi la muda mfupi. Ukitaka kuchangia, changia kama mchango. Mikoko Pamoja ya Gazi, kaunti ya Kwale, imekuwa ikihifadhi hekta 117 za mikoko na kuuza hati zake tangu mwanzoni mwa muongo wa 2010, na fedha zimekwenda kwenye maji na shule za kijiji. Ni kazi ya kuheshimiwa, ila kuinunua hakumfanyi mtu azime jenereta yake, na kwenye ripoti mstari wake ukae mbali na jumla ya tani zenu.

Ripoti ieleze njia, vipeo, yaliyoachwa na makosa yaliyorekebishwa. Kiwango cha kimataifa cha taarifa za tabianchi, IFRS S2, kilichotolewa Juni 2023 na kuchukua mahali pa mapendekezo ya awali ya kikosi kazi cha TCFD, ndicho ambacho wakaguzi wanazidi kukiuliza, na Soko la Hisa la Nairobi lilitoa mwongozo wake wa taarifa za mazingira na jamii Novemba 2021.

Hatua ya nane: tumia ukurasa wa tangazo

Majengo na ujenzi huchangia zaidi ya theluthi moja ya hewa ukaa itokanayo na nishati na viwanda duniani, na kampuni yenu ndiyo dirisha ambalo mpangaji huchungulia kabla ya kuchagua. Nchini Uingereza cheti cha ufanisi wa nishati, chenye daraja A hadi G, ni lazima kiagizwe kabla ya nyumba kuwekwa sokoni, na tovuti kama Rightmove hukionyesha. Tangu Aprili 2020 nyumba nyingi za kupangisha za Uingereza na Wales haziruhusiwi kuwa chini ya daraja E bila msamaha maalumu, na mpangaji huiona herufi hiyo kabla ya kulipa.

Sisi hatuna herufi hizo, lakini tuna maswali ambayo wapangaji huyauliza tayari. LUKU ni ya peke yake au ya kuchangia? Ikiwa ya kuchangia, hakuna anayejua matumizi yake na hakuna anayepata faida ya kuzima. Maji ya moto ni ya jua au ya heta? Jiko lina nafasi ya mtungi wa gesi? Dirisha linapitisha upepo upande wa pili, au chumba hakikaliki bila kiyoyozi? Jengo lina cheti cha EDGE cha majengo ya kijani, ambacho hutolewa kwa linalookoa angalau asilimia 20 kwenye nishati, kwenye maji na kwenye vifaa vya ujenzi? Weka sehemu hizo kwenye fomu ya mwenye nyumba, zifanye kuwa vichujio kwenye utafutaji, na mwishoni mwa mwaka hesabu ni wangapi walivitumia.

Tarehe 2 Januari, kabla ya kikao cha kwanza, mtu mmoja ashuke chini na simu yake, apige picha ya mita ya umeme, ya saa za jenereta na ya fimbo ya mafuta ikiwa imelowa hadi alama yake, kisha azihifadhi zote tatu kwenye folda yenye jina la mwaka mpya.